Meli Ina Wasifu, Mpagazi Hana Hata Jina

Ukitaka kujua maisha ya meli ya abiria iliyoitwa Laconia, hutapata shida hata kidogo. Ilijengwa na Swan Hunter kule Wallsend, Uingereza, kwa ajili ya kampuni ya Cunard. Ilishushwa majini Julai 1911, ikaanza safari Januari 1912. Ukubwa wake ulikuwa tani 18,000 na ushee. Ilikuwa na pacha wake, Franconia. Iliwekewa matangi ya maji ya kupunguza kuyumba, ili bahari ikichafuka abiria waendelee kunywa supu yao kwa amani. Ilipiga njia ya Liverpool na Boston, na majira ya baridi ilitoka New York kwenda Mediterania. Siku yake ya kufa inajulikana: 25 Februari 1917, karibu na mnara wa Fastnet, kusini mwa Ireland. Aliyeiua anajulikana: nyambizi ya Kijerumani, U-50. Waliokufa nayo wanajulikana: watu 12.

Huo ni wasifu kamili. Kuzaliwa, ndugu, kazi, kifo.

Sasa rudi katikati ya wasifu huo, miaka ya 1914 hadi 1916. Hapo waandishi wa mambo ya meli huwa wanakimbia. Watakwambia Laconia ilitwaliwa na jeshi la majini la Uingereza, ikafungwa mizinga, ikafanya doria Atlantiki ya Kusini na Bahari ya Hindi, na mwaka 1915 ikatumika katika vita vya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Basi. Aya inayofuata tumesharudi kwa abiria na tiketi zao, mwaka 1916. Katika sentensi hiyo moja, ndugu msomaji, ndimo tulimo sisi. Ndimo ilimo delta ya Rufiji, ambayo leo sehemu yake kubwa iko wilaya ya Kibiti, na watu wake wote.

Hoja yangu ni fupi na najua itawaudhi baadhi ya ndugu zangu waandishi. Ufupi wa sentensi hiyo si kosa la Waingereza. Wao wameandika meli yao, ni haki yao. Kuifungua sentensi hiyo ni kazi ya fasihi ya Kiswahili, na kazi hiyo imelala chini zaidi ya miaka mia moja huku sisi tukilalamika kwamba wageni wanatuandikia historia.

Tuangalie kwanza kilichomo ndani yake.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia bandari ya Zanzibar na kuizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus. Kisha ikarudi kujificha kwenye mikono ya mto Rufiji, kwa sababu mitambo yake ilikuwa imeharibika. Vipande vya mitambo hiyo vilipakuliwa, vikavutwa nchi kavu kwa nguvu za watu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikavutwa kurudi. Mtu ambaye hajawahi kupita barabara ya Kibiti kipindi cha masika, kabla ya lami, hawezi kuipata picha hiyo. Aliyepita ataguna tu.

Tarehe 30 Oktoba Waingereza wakaigundua. Novemba wakazamisha meli ya Newbridge katika mkondo mmojawapo ili kuiziba njia. Kisha zikaja meli za abiria, zikiwa zimevalishwa kijeshi. Ya kwanza, Kinfauns Castle ya kampuni ya Union-Castle, ambayo kabla ya vita ilizoea kubeba watu na barua kati ya Uingereza na Cape Town, ilileta ndege ya majini kutoka Durban pamoja na rubani raia aliyeitwa Cutler. Alifanikiwa kuiona Königsberg kutoka angani, lakini Desemba akaanguka deltani na kutekwa. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia. Miezi michache baadaye ikaja Laconia yetu, ikiwa na ndege nyingine za majini kwa ajili ya kambi ya kisiwa cha Nyororo, jirani na Mafia. Meli iliyojengwa abiria wasihisi mawimbi sasa ilikuwa inahudumia watu wa kupiga picha mikoko kutoka juu.

Julai 1915 meli mbili bapa zenye mizinga mizito, Severn na Mersey, zilizokokotwa kutoka Malta, ziliingia mtoni kupitia mlango wa Kikunya. Zilipiga tarehe 6, zikarudi tarehe 11. Siku hiyo kapteni Max Looff akaamuru Königsberg izamishwe. Lakini haikuishia hapo. Mizinga yake 10 ilitolewa kwenye matope na kuvutwa tena hadi Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu, ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja ulifika mpaka Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli ambayo leo tunaiita MV Liemba. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utauona mmoja. Ukienda Pretoria utauona mwingine, mbele ya majengo ya serikali.

Nimeandika aya tatu za vita, na kama umesoma kwa makini umeona jambo. Meli zote zina majina. Kapteni ana jina. Rubani ana jina, ingawa alikaa angani siku chache tu. Mizinga tunajua hata iko wapi leo. Lakini nilipofika kwenye "nguvu za watu", kalamu ikakosa jina la kuandika. Kitenzi kikawa "vilivutwa". Nani alivuta? Kwa ujira gani? Alikula nini njiani? Aliporudi Salale au Mbwera, shamba lake la mpunga lilikuwa katika hali gani? Sarufi ya vita hivi, kila ikifika kwa Mrufiji au Mndengereko, inageuka kauli ya kutendwa.

Mtasema meli za Wazungu zinajulikana kwa sababu zilikuwa na makarani. Sawa. Basi chukueni meli iliyoitwa kwa jina la mji wetu wenyewe. Tabora, meli ya abiria ya kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika Linie, ilikuwa bandarini Dar es Salaam vita vilipoanza, Wajerumani wakaigeuza hospitali. Tarehe 28 Novemba 1914 mashua za Waingereza ziliingia bandarini kuziharibu meli zilizokuwamo. Ofisa mmoja, Henry Peel Ritchie, alijeruhiwa mara nane akapewa nishani ya Victoria Cross. Mwaka 1916 Tabora ilipigwa makombora ikazama hapo hapo bandarini. Jina la Unyamwezi limeandikwa ubavuni mwa meli, meli ina wasifu, ofisa ana nishani. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya jeshi hilo wako wapi kwenye habari hii? Hawapo. Tumebaki na jina la mji tu, nalo lilizama.

Sasa linganisheni na mwisho wa Laconia. Iliporudi kazi ya abiria na kupigwa makombora mawili ya nyambizi usiku ule wa Februari 1917, kati ya wale 12 waliokufa walikuwamo mama na binti yake kutoka Chicago, Mary na Elizabeth Hoy. Ndani ya meli hiyo alikuwamo pia mwandishi wa gazeti la Chicago Tribune, Floyd Gibbons. Alinusurika kwenye mashua ya kuokolea, akafika nchi kavu Ireland, na kabla hajapumzika akatuma habari ndefu kwa simu ya maandishi. Wamarekani wakasoma baridi, giza na mashua inayotota, wakasoma na majina. Tarehe 6 Aprili nchi yao ikaingia vitani. Sisemi makala moja ndiyo iliyowaingiza, sababu zilikuwa nyingi. Nasema vifo viwili vilipata mwandishi, na vikawa na uzito ambao taifa zima liliuhisi.

Upande wetu hesabu iko hivi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Angalia pengo lililopo kati ya namba hizo mbili: watu 234,000. Hilo pengo peke yake linazidi uwezo wa uwanja wowote wa mpira Tanzania. Na hiyo ni ripoti ya upande wa Waingereza. Waliobebeshwa na Wajerumani wana hesabu yao nyingine.

Pale ambapo fasihi ya Kiswahili haikuingia, wengine waliingia. Mwaka 1968 Wilbur Smith alichapisha Shout at the Devil, riwaya iliyojengwa juu ya kisa cha Königsberg. Meli akaipa jina jingine, Blücher, na mto akaujaza majangili wa pembe, Wajerumani wanene na Waingereza wachangamfu. Mwaka 1976 ikawa filamu, wakaigiza Lee Marvin na Roger Moore. Katika filamu hiyo yuko mtumishi anaitwa Mohammed. Mohammed ni bubu. Na aliyemwigiza ni Ian Holm, Mwingereza.

Hebu rudia kuisoma hiyo polepole. Mtu wetu mmoja mwenye nafasi ya maana kwenye hadithi ya Rufiji hana ulimi, na hata huo ububu wake ameigiza Mzungu. Ungeitunga kejeli hii mwenyewe, mhariri angekwambia umezidisha.

Lakini sikukusudia kumlaumu Smith. Aliandika alichotaka, akauza. Swali langu liko nyumbani: nitajieni riwaya ya Kiswahili inayotokea deltani mwaka 1915. Tamthilia je? Utenzi? Nasubiri.

Na jambo linaloniuma ni kwamba tulikuwa na mazoea mazuri sana. Wadachi walipokuja kuitwaa Mrima, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vile. Maji Maji ilipowaka, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga wa kwake. Hawa hawakusubiri shahada wala ruzuku. Waliona vita, wakachukua kalamu. Kisha ikaja vita kubwa kuliko zote mbili, iliyopita kwenye mashamba yale yale, na kamba ikakatika. Shaaban Robert, baba yetu wa fasihi, alitunga utenzi mrefu kweli kweli wa vita vya dunia. Lakini ni vile vya Pili, vya Hitler na Mussolini, vilivyopiganwa sana sana mbali na Tanga kwao.

Ushahidi kwamba fasihi inaweza kazi hii upo, tena upo Rufiji hiyo hiyo. Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro. Desemba mwaka huo huo, kule Kiel, wakaishusha Königsberg majini. Mwaka mmoja, dola moja. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akaandika Kinjeketile, na tangu hapo hakuna mwanafunzi wa sekondari aliyesoma tamthilia hiyo ambaye Kinjeketile kwake ni jina tupu. Ana shaka, ana hofu, anabishana. Serikali ya kikoloni ilimwandika kama mganga mchochezi. Hussein alimrudishia kichwa na ulimi. Sasa hao waliovuta mizinga miaka 10 baadaye, wengi wao wakiwa ni watu waliookoka na njaa iliyofuata Maji Maji, wamekosa nini kuandikiwa?

Najua majibu, nimeyasikia kwenye makongamano na kwenye makundi ya WhatsApp.

La kwanza: "Ile ilikuwa vita ya Wazungu, haituhusu." Hili linajifanya la kizalendo, lakini ukilichungulia ndani ni lile lile la Wilbur Smith, kwamba sisi tulikuwa mandhari. Vita iliyochukua wanaume kijijini, ikala chakula cha ghalani na kuacha kaburi lisilo na alama inakuhusu hata kama hukuitangaza. Aliyebeba risasi kichwani hakuulizwa ni ya nani.

La pili: "Hatuna nyaraka." Jamani. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zipo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Gazeti la Kiongozi lilikuwa linachapwa Tanga kwa Kiswahili wakati vita vinaanza. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kusini kuwahoji wazee juu ya Maji Maji. Wazee wa rika hilo ndio walioiona na hii vita ya pili yake. Halafu kuna nyaraka tunazozikanyaga kila siku. Kariakoo ni nini kama si Carrier Corps iliyopita kwenye midomo ya Waswahili? Ngoma za beni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti, na makwata yake na vyeo vyake vya kuigiza, ni nini kama si watu waliokuwa wanaihadithia vita hiyo kwa miguu na tarumbeta? Na neno lenyewe "meli"! Limetokana na neno la Kiingereza la barua, kwa sababu stima zilizotia nanga pwani hii zilikuwa za posta. Tumemeza meli nzima ya barua tukaifanya neno letu la vyombo vyote. Lugha iliyofanya hivyo haiwezi kuambiwa haina kumbukumbu. Isitoshe, riwaya si tasnifu. Hussein hakusubiri shajara ya Kinjeketile.

La tatu ni la soko: "Nani atachapisha? Nani atasoma?" Hili nalikubali nusu. Wachapishaji wetu wanakimbilia vitabu vya shule, na mwandishi anakula nini? Lakini leo kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, kuna Tuzo ya Safal, zote zinatafuta miswada. Na Abdulrazak Gurnah ametuonyesha kwamba dunia iko tayari kusoma. Afterlives yake ya mwaka 2020 imemtembeza askari wa Wajerumani katika vita hii hii, mwaka uliofuata akapata Nobel. Kaandika kwa Kiingereza, ni chaguo lake na hongera yake. Lakini wale wahusika wake, wangekuwa hai, wangezungumza lugha hii ninayoandika sasa. Nafasi ya kuwasikia kwa sauti yao bado iko wazi kabisa.

Sasa tahadhari moja, maana najua wapo watakaoamka kesho na kuandika vibaya. Tusije tukaandika riwaya ambamo kila mpagazi ni shujaa wa taifa aliyefikiria uhuru wa 1961 huku ana mzigo kichwani. Deltani kulikuwa na askari weusi waliowachapa viboko wapagazi weusi. Kulikuwa na majumbe waliopeleka watoto wa wengine wakaficha wa kwao. Kulikuwa na waliofuata mshahara, na waliotoroka usiku kwa mtumbwi kupitia vijito ambavyo hakuna Mjerumani wala Mwingereza aliyevijua. Hao watoro ndio ningetaka kuwasoma mimi. Mtu anayejua maji yanajaa saa ngapi na mkondo upi unaziba yakitoka, katikati ya majeshi mawili yenye ndege na mizinga lakini yasiyojua njia: hiyo ni riwaya tayari.

Na mwandishi aende. Asiandike delta akiwa Sinza. Gati la Nyamisati, zinakopandia boti za Mafia, linafikika kwa basi na bodaboda siku hiyo hiyo. Nimekaa pale mara kadhaa nikisubiri boti, na kila mara nimekuta watu wa makamo ambao ukitaja "manowari ya Mjerumani" wanakuelekeza kwa mkono upande wa kusini, kana kwamba jana tu imepita. Wanajua mkandaa unatofautianaje na mkoko kwa kuni na kwa boriti. Maarifa hayo usipoyatia kwenye sentensi, utaandika "msitu mnene wenye mamba na mbu", na hapo utakuwa umemtafsiri Wilbur Smith bila kumlipa.

Kibiti nayo imechoka kuandikwa kwa vipindi. Mwaka 2017 iliandikwa kwa sababu ya mauaji. Mwaka 2024 ikaandikwa kwa sababu ya mafuriko. Mimi ni mwanahabari, najua habari inavyofanya kazi: damu ikikauka na maji yakipungua, kamera zinarudi mjini. Ndiyo maana nasema kazi hii si ya magazeti. Wala si ya makumbusho, ambako mzinga utawekwa juu ya zege na kibao cha kueleza kipenyo chake ni milimita 105, na watoto watapigia picha. Mzinga uliopo Mombasa una kibao. Mabega yaliyouvuta yatawekewa nini?

Wapenzi wa meli wataendelea kuiandika Laconia, na waendelee. Wameshahesabu tani zake, safari zake na makombora yaliyoizamisha. Sentensi yake moja ya mwaka 1915 wametuachia sisi. Anayeijua delta, au aliye tayari kwenda kuijua, aanze na swali dogo tu ambalo wasifu wote wa meli hizi haujalijibu: siku ile mitambo ya Königsberg ilipoanza kuvutwa kwenda Dar es Salaam, nani alishika kamba ya mbele?